Nambari Tisa na Kazi Yake

Watu wengi huhukumu mchezo wa mpira kwa hesabu ya mabao tu. Hukumu hiyo haitoshi, kama vile haitoshi kuhukumu insha kwa urefu wake. Hapana budi kuutazama mpango, yaani kila mchezaji alipewa kazi gani, na kazi hiyo ilihusianaje na ya mwenzake. Mfano ulio bora ni mchezo wa Wembley, London, tarehe 25 Novemba 1953, ambapo Hungaria iliishinda Uingereza mabao 6 kwa 3.

Kwanza tuutazame mpango wa Waingereza. Mwaka 1925 sheria ya ofsaidi ilibadilishwa: tangu hapo mshambuliaji alihitaji wapinzani wawili tu kati yake na mstari wa goli, si watatu kama zamani. Mabao yakazidi, na walinzi wakaona taabu. Ndipo Herbert Chapman wa Arsenal alipomrudisha senta hafu nyuma, akasimama kati ya mabeki wawili ili amlinde senta fowadi wa upande wa pili. Ukiwachora wachezaji hao kumi karatasini, watano wa mbele hufanya herufi W, na watano wa nyuma herufi M. Mpango huo ulikuwa jawabu zuri kwa swali la wakati wake. Kosa lilikuja baadaye, jawabu lilipogeuzwa kuwa amri: nambari 5 humlinda nambari 9, wala haulizi sababu.

Timu ya Hungaria, iliyoongozwa na Gusztáv Sebes, ililigonga kosa hilo hilo. Nándor Hidegkuti alivaa nambari 9 mgongoni, lakini hakukaa mbele ya lango. Alirudi kuelekea katikati ya uwanja, akapokea mpira na kuwagawia wenziwe. Harry Johnston, senta hafu wa Uingereza, akawa kama yule fisi aliyeshindwa na njia mbili. Akimfuata Hidegkuti, aliacha pengo nyuma yake, na Puskás na Kocsis walikuwa tayari kuliingia. Akibaki mahali pake, Hidegkuti alikuwa huru. Katika dakika ya kwanza Hidegkuti alikwisha kufunga, na mchezo ulipokwisha alikuwa na mabao matatu.

Wako wanaomsifu Hidegkuti peke yake. Mimi sikubaliani nao. Mtu mmoja akirudi nyuma, hupunguza tu nguvu za mbele, isipokuwa wenzake nao wabadili kazi zao. Puskás na Kocsis walisonga mbele. Mawinga Budai na Czibor walirudi kusaidia. Bozsik, aliyekuwa hafubeki, alipanda hata akafunga bao. Naye Zakariás, ambaye jina lake halitajwi sana, alikaa nyuma karibu na mabeki ili wengine wapate uhuru wao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hata hivyo, sifa zisitupofushe. Timu iliyofungwa mabao matatu Wembley haikuwa na ulinzi kamili. Tarehe 23 Mei 1954, mjini Budapest, iliwashinda Waingereza tena, 7 kwa 1. Lakini tarehe 4 Julai, katika fainali ya Kombe la Dunia mjini Bern, ilitangulia kwa mabao 2 kisha ikashindwa na Ujerumani ya Magharibi 3 kwa 2. Ni kweli kwamba mvua ilinyesha siku ile, na Puskás alicheza akiwa na maumivu ya mguu. Lakini mpango unaopeleka wengi mbele huacha wachache nyuma, na udhaifu huo haukuanzia Bern. Brazil, iliyotwaa kombe mwaka 1958, iliweka walinzi wanne nyuma, wawili katikati na wanne mbele. Ikahifadhi uhuru wa kushambulia bila kuliacha lango wazi.

Basi hukumu yangu ni hii: Wahungaria walistahili ushindi wao, kwa kuwa waliitazama kazi kabla ya nambari. Mwanafunzi atakayepanga timu ya shule yake asiige W wala M, wala hata mpango wa Wahungaria wenyewe. Na ajiulize kwanza: mchezaji huyu aweza kufanya nini, na akiondoka mahali pake, ni nani atakayepaziba?