Nani Alimshika Mkono Eleanor?

Wenzangu, kila mara filamu ya zamani ya nyumba yenye mizimu inaporudiwa, tunaahidiwa kitu kimoja: safari hii mtaona zaidi. Kwangu mimi, hapo ndipo inapoharibika. Tuchukue mfano mmoja tu, The Haunting.

Ya kwanza ilitoka 1963, mwaka uleule chuo kikuu chetu kilipoanzishwa, mji ukiwa bado unaitwa Stanleyville. Robert Wise aliipiga nyeusi na nyeupe, kutoka riwaya ya Shirley Jackson. Watu wanne wanalala kwenye jumba la zamani kuchunguza kama kweli lina mizimu. Mzimu wenyewe humuoni, tangu mwanzo mpaka mwisho. Unasikia ukuta unagongwa. Unaona mlango wa mbao unavimba kuja ndani, kana kwamba unapumua. Ni hayo tu, na jasho linakutoka.

Kuna usiku ambapo Eleanor amelala gizani, mtoto analia nyuma ya ukuta. Ameshikana mkono na mwenzake Theodora, na ule mkono unambana mpaka unamuumiza. Taa inawaka: kumbe Theodora yuko mbali, upande mwingine wa chumba. Sasa ulikuwa mkono wa nani? Filamu haijibu. Lakini tunajua Eleanor alimuuguza mama yake miaka mingi, na usiku wa mwisho mama alipogonga ukuta akimwita, binti hakwenda. Kwa hiyo kila ukuta unapogongwa, yeye anajua anadaiwa. Kinachotisha pale ni deni.

Twende 1999. Jan de Bont anairudia na Liam Neeson na Catherine Zeta-Jones, kwa dola karibu milioni 80. Sanamu zinatembea, nyuso za watoto zinajichora kwenye shuka, kitanda kinamfunga mtu kama mtego. Unaona kila kitu, na kusema kweli, baada ya muda huogopi tena kitu.

Tusiionee lakini. Ile filamu ina wazo zito ambalo ya kwanza haina: Hugh Crain, mwenye jumba, alitajirika kwa viwanda vya nguo vilivyotumikisha watoto. Jumba limejengwa kwa jasho lao. Sisi ambao mababu zetu walilazimishwa kuchuma mpira, hadithi hiyo hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Ila filamu inalitupa wazo lake yenyewe. Crain anageuzwa zimwi la kompyuta, Eleanor anamkabili, zimwi linamezwa na mlango, roho za watoto zinapaa. Imekwisha! Mwenye kosa ni mmoja, naye alishakufa. Hakuna aliye hai anayedaiwa. Watazamaji wanarudi nyumbani, wanalala vizuri.

Hapo ndipo ninapogombana nayo. Linganisheni na En route pour le milliard ya 2020, kazi ya Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Si filamu ya kutisha, ni ya watu wa kweli: walionusurika Vita vya Siku Sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu. Wengine hawana mguu, wengine hawana mkono. Wanapanda boti, wanateremka mto mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Wale si mizimu. Wanagonga milango ya Leta mchana kweupe, na walio ndani wanasikia vizuri sana. Mimi ilinikosesha usingizi kuliko sanamu zote za Jan de Bont.

Vijana wanaopiga filamu kwa simu, huku kwetu na kwingine, hawahitaji milioni 80, wala zimwi la kompyuta. Mlango mmoja wa mbao unatosha, mradi wajue nani anagonga, na nani yuko ndani hataki kufungua.

Aliyeziona zote mbili na hakubaliani nami, anibishie hapa chini.