Mgogoro wa Nafsi ya Gabriel: Kuisoma Petit pays Tukiwa Rumonge

Katika safu yetu ya uhakiki tunaitazama Petit pays, riwaya ya Gaël Faye iliyotolewa kwa Kifaransa mwaka 2016. Mwaka huo huo ilipata tuzo ya Goncourt des Lycéens, ambayo mshindi wake huchaguliwa na wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa. Ni riwaya ya makuzi, nasi tunajiuliza inamfaa vipi mwanafunzi wa mwambao wa Burundi.

Msimulizi ni Gabriel, chotara wa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda mkimbizi, anayekulia Kinanira, Bujumbura. Wazazi wanaachana, Rais Ndadaye anauawa Oktoba 1993, mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 yanamvuruga mama akili. Marafiki wa mtaani, waliokuwa wakiiba maembe pamoja, sasa wanamtaka achague upande.

Ni rahisi kusema kwamba mgogoro wa Gabriel ni wa asili yake. Sisi tunaona vingine. Kinachomtesa ni hamu ya kubaki na wenzake ilhali dhamiri inamkataza. Wanafunzi waliosoma Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi watakumbuka kwamba Rosa anabanwa kwanza na baba mkali, na fimbo ya baba inaonekana. Gabriel anabanwa na watu anaowapenda, ndiyo maana hajui ampinge nani. Anakimbilia vitabu vya jirani yake, Bi. Economopoulos, lakini mtaa unamfuata hadi humo.

Kilele ni pale anaposhinikizwa kurusha kiberiti cha gesi kwenye teksi iliyomwagiwa petroli, ndani yake mkiwa na mtu anayetuhumiwa kumuua baba yake Armand. Anarusha. Hapa mwandishi ameonyesha ujasiri: hakumwachia mhusika wake usafi wa mtoto asiye na hatia. Hata hivyo, kwa maoni yetu, hapa pia ndipo penye udhaifu. Muda si mrefu Gabriel anapelekwa Ufaransa, na msimulizi mtu mzima anaililia zaidi nchi aliyoipoteza kuliko mtu yule aliyeungua. Safari imeukata mgogoro kabla haujakomaa.

Jambo hili ni zito Rumonge. Aprili 1972 uasi ulizuka katika ukanda huu wa michikichi, Watutsi wakauawa. Kisha jeshi likawaua Wahutu kwa makumi ya maelfu nchini kote, na wengi wakavuka kwenda Tanzania. Waliorudi miaka mingi baadaye walikuta mashamba yao yana watu wengine. Kijana wa hapa amerithi yale ambayo wazee hawayasemi, na hana ndege ya kumwondoa. Atakutana na jirani yule yule mwaloni na sokoni.

Kwa hiyo tunawashauri walimu wasiishie kwenye maswali ya dhamira na wahusika. Wawape wanafunzi zoezi la kuandika kwa Kiswahili sura moja isiyokuwemo kitabuni: Gabriel hakuondoka, na asubuhi ya pili anakutana na mjane wa yule mtu. Atamwamkiaje? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa uaminifu atakuwa ameuelewa mgogoro wa nafsi kuliko aliyekariri fasili yake.