Masomo Huria ya Walimu Yapimwapo Rungwe

Kazi za elimu zifanywazo kwa ushirikiano wa mataifa si nyingi zilizopewa umbo la Kiswahili, na kwa sababu hiyo mradi wa TESSA wastahili kupimwa na watu wa lugha, si na watu wa ualimu peke yao. Ulianza mwaka 2005, ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza pamoja na vyuo kadhaa vya Afrika, kimojawapo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Shabaha yake ni walimu wa shule za msingi na wale wawafundishao vyuoni. Masomo yametolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili, na idhini yake yamruhusu mtu yeyote kuyanakili, kuyagawa na hata kuyageuza, mradi awataje waliotangulia na akiache wazi vilevile kile atakachokitoa.

Kwanza jina. Mwaka 2002 UNESCO ilikutanisha wanavyuo mjini Paris, na hapo kazi za namna hii zikapewa jina moja la Kiingereza. Kwa Kiswahili husemwa mara "rasilimali za elimu huria", mara "nyenzo huria za elimu". La kwanza lina kasoro mbili. Rasilimali ni neno la wafanyabiashara, na maana yake ya asili ni mtaji. Tena, kwa kuwa "huria" halichukui kiambishi cha upatanisho, msomaji hawezi kujua kilicho huria ni rasilimali au ni elimu. La pili ni bora mno. Wenzo ni mti uwekwao chini ya kitu kizito ili kisukumike, kama mashua ipandishwapo ufukoni, nao hauna kazi mpaka pawepo mzigo na watu wa kuusukuma. Ama "huria" lenyewe limekwisha kukaa tangu Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilipoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992. Hatari yake ni moja: masikioni mwa wengi lakaribiana na "bure", hata ikadhaniwa kwamba fadhila ya masomo haya ni kutolipiwa. Kutolipiwa ni jambo dogo. Kiini ni ile ruhusa ya kugeuza.

Ruhusa hiyo yafaa ijaribiwe mahali maalumu, na Rungwe ni mahali pazuri pa kuijaribu. Wilayani humo kimo Chuo cha Ualimu Mpuguso, karibu na mji wa Tukuyu. Mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na mashamba ni ya chai na migomba. Mwalimu akipewa mfano wa kisima kilichokauka au wa mtoto atembeaye nusu siku kutafuta maji, atautupa au ataugeuza pasipo kuhitaji shauri la mtu. Mabadiliko ya namna hiyo ni mepesi, wala hayatoshi kuitwa kugeuza.

Ugumu umo katika lugha. Sehemu ya kusoma na kuandika ina moduli tatu: ya pili yahusu matumizi ya lugha ya jamii darasani, na ya tatu yahusu mawasiliano katika lugha ya nyongeza. Mgawanyo huu ulitungwa kwa ajili ya nchi nyingi kwa pamoja, nao wasomeka vizuri mahali penye lugha ya nyumbani upande mmoja na lugha ya kigeni upande wa pili. Tanzania haiko hivyo. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, madarasa yote, tangu mwaka 1967, kwa hiyo ni rahisi kwa msomaji wa Dar es Salaam kukiweka Kiswahili mahali pa lugha ya jamii, na Kiingereza mahali pa ile ya nyongeza. Lakini mtoto wa kijijini Rungwe aliyelelewa kwa Kinyakyusa hukutana na Kiswahili chenyewe kama lugha ya nyongeza, na Kiingereza huwa cha tatu. Kinyakyusa kina vokali saba ambapo Kiswahili kina tano, na majina yake hutanguliwa na irabu ambayo Kiswahili hakina. Haya si mapambo ya isimu. Ni mambo ambayo mwalimu wa darasa la kwanza huyasikia katika kila sentensi ya mwanafunzi wake, naye astahili kuyakuta katika kitabu cha kumfunza kazi. Tafsiri, hata iwe safi namna gani, haiwezi kuyaleta, maana hayakuwamo katika asili. Yataka mtunzi aliyeko huko huko.

Hapa historia ya Kiswahili ina neno la kusema. Wamoraviani walipofika Rungwe mwaka 1891 walifundisha na kuandika kwa lugha ya wenyeji. Baadaye, mkutano wa Mombasa wa 1928 ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, iliyounganisha Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja, ikawa yapima lugha ya vitabu vya shule kabla havijapewa kibali. Nao ulikuwa ushirikiano wa nchi mbalimbali, na manufaa yake hayakanushiki: kitabu kimoja kiliweza kusomwa kutoka pwani hadi maziwa makuu. Ila kibali kilifunga mlango. Kitabu kilichokwisha pasishwa hakikuwa na nafasi ya kusahihishwa na mwalimu wa Tukuyu. Idhini huria yaufungua mlango ule ule, na ajabu ni kwamba lugha sanifu iliyojengwa na Kamati ndiyo iwezeshayo marekebisho ya Rungwe kueleweka Kigoma au Tanga.

Kinachopungua ni njia ya kurudi. Pendekezo la UNESCO la Novemba 2019 lazihimiza serikali kujenga uwezo wa watu wa kutunga, kutumia na kurekebisha nyenzo hizi, na kurekebisha ndiko kunakostahili kutazamwa zaidi. Moduli ikirekebishwa na wakufunzi wa Mpuguso, ikaongezwa sura juu ya vokali saba, haifai ikae katika kompyuta moja ya chuo. Yapasa ipelekwe ilikotoka, iwekwe kando ya ile ya kwanza, na juu yake yaandikwe majina ya walioirekebisha na mahali ilipofanyiwa kazi, ingawa idhini yenyewe haidai hayo.