Uhakiki wa Dhana ya Ufuatiliaji wa Majitaka kutoka Mbali: Mfano wa Kariakoo, Dar es Salaam

Uhakiki huu unapinga dhana kwamba kipimo cha kina kinatosha kusimamia majitaka kutoka mbali. Kipimo kilichofungwa katika kituo cha kusukuma majitaka huona yanayofika tu. Bomba likiziba Kariakoo kwa mafuta na taka, kina kituoni hushuka. Skrini ofisini huonesha hali shwari ilhali chemba inafurika mbele ya maduka. Aidha, mabomba yako chini ya DAWASA, lakini uzoaji wa taka zinazoyaziba ni jukumu la Halmashauri ya Jiji, iliyokuwa Manispaa ya Ilala hadi 2021. Uhakiki unahitimisha kuwa kushuka kwa kina kusikotarajiwa nako kuwe kengele, na taarifa ya mfanyabiashara ihesabiwe kuwa data.