Haly ni Nani?

Msomaji, ukifungua kitabu cha unajimu kilichoandikwa kwa Kilatini katika zama za kati, utakuta mara kwa mara maneno haya: "Haly asema." Usidhani kwamba umekwisha mjua msemaji. Haly ni Ali, na akina Ali walikuwa wengi. Haly Abenragel ni Ali bin Abi al-Rijal; Haly Embrani ni Ali bin Ahmad al-Imrani; Haly Abenrudian ni Ali bin Ridhwan, tabibu wa Misri wa karne ya 11.

Natutazame kosa moja. Kitabu cha semi mia, Centiloquium, kilifasiriwa kutoka Kiarabu katika karne ya 12 pamoja na maelezo yake. Chapa ya Venice ya mwaka 1493 iliyataja maelezo hayo kuwa ya Haly, na wasomaji wakamdhania yule tabibu. Kumbe nakala za Kiarabu zamtaja Ahmad bin Yusuf, Mmisri aliyemtangulia! Waliolinganisha Kilatini na Kiarabu, sentensi kwa sentensi, ndio waliomrudishia haki yake. Tena semi zenyewe, zilizohesabiwa kuwa za Ptolemy, wataalamu wengi sasa huziona kuwa ni za Ahmad mwenyewe.

Wafasiri wale wastahili shukrani, maana ndio walioivusha elimu. Lakini jina lililofupishwa ovyo humpokonya mtu kazi yake. Basi usomapo, uliza mambo mawili: jina hili ni la nani, na maneno haya ni ya nani? Jibu la moja si jibu la jingine.