Sifa kwa Mafundi wa Zana

Mchezo wa kompyuta wa Doom ulitolewa na kampuni ya Marekani iitwayo id Software tarehe 10 Desemba 1993. John Carmack, mwandishi mkuu wa programu yake, aliitenga injini ya mchezo na vitu vinavyochezewa: ramani, picha na sauti ziliwekwa katika faili la aina ya WAD, ili mchezaji aongeze vyake bila kuharibu vya asili. Ruhusa ilikuwapo, zana hazikuwapo. Ramani za kampuni zilichorwa kwa kompyuta za NeXT, ambazo wachezaji wengi hawakuwa nazo. Kabla ya miezi miwili kwisha, mwezi Januari 1994, kikatokea kihariri cha ramani kilichoitwa DEU, kazi ya Brendon Wyber na Raphaël Quinet. Aliyechora ramani nzuri hutajwa kila inapochezwa, lakini aliyetengeneza chombo cha kuichorea hutajwa mara chache. Hoja yangu ni kwamba fundi huyu anastahili sifa ya kwanza, na kwamba sifa hiyo haitimii mpaka msimbo chanzo wa zana uwe mikononi mwa wote.

Ugumu wa kazi yenyewe ndio ushahidi wa kwanza. Kumhamisha jini wa mchezo kutoka chumba kimoja hadi kingine ni kubadili namba chache tu. Kusogeza ukuta ni habari nyingine. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kukagua kuta zote kila picha inapochorwa, kwa hiyo ramani hukatwa mapema vipande vidogo na kupangwa kwa matawi, ili injini ijue papo hapo ukuta upi uko mbele na upi umefichwa. Ukisogeza ukuta mmoja, hesabu ya vipande lazima ipigwe upya. Ikikosewa, ukuta hutoweka machoni au mchezo hukwama. Waandishi wa DEU waliibeba kazi hiyo, kisha wakautoa msimbo wao pamoja na programu. Ndiyo maana uzao wake ni mkubwa: DETH, WinDEU, na Yadex ya mfumo wa Unix, vyote vilichipuka humo. Kampuni nayo ilifungua msimbo wa Doom Desemba 1997, tena ule wa Linux, kwa kuwa sehemu ya sauti katika toleo la DOS ilikuwa mali ya wengine. Mwaka 1999 ikauweka chini ya leseni huria ya GPL.

Wahenga walituonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Onyo hilo ni la haki pale ambapo mnywaji haoni kilichomo kibuyuni. Msimbo ukiwa wazi, maji huonekana: msomaji mmoja hugundua hitilafu, wa pili huirekebisha, na fundi hujua kwamba wanaomsifu wameisoma kazi yake. Sifa ya namna hiyo humwimarisha fundi. Wengine wanahofia wizi wa jina, na hofu yao si bure. Lakini tazameni Doom Builder 2 ya Pascal vd Heiden, iliyotolewa chini ya GPL. Msimbo wake ulizaa GZDoom Builder, kisha Ultimate Doom Builder, kwa mikono ya watu wengine, na jina lake bado limeandikwa juu ya mafaili aliyoyaanzisha. Leseni inadai hivyo. Zana iliyofungwa hufa siku mwenyewe anapochoka. Doom Builder imepita mikononi mwa mafundi kadhaa na ingali inatumika.

Pingamizi zito zaidi latoka kwa mchezo wa Quake. Msimbo wake ulipofunguliwa Desemba 1999, walaghai waliutumia mara moja kujipa uwezo usio halali katika mashindano ya mtandaoni. Madhara hayo yalikuwa ya kweli, na walioumia ni wachezaji waaminifu. Hata hivyo, chanzo cha udhaifu kilikuwa kuiamini mno kompyuta ya mchezaji, na udhaifu huo ulikuwamo hata msimbo ulipofichwa. Kuuficha msimbo kungewaacha walaghai wachache waliokwisha kuujua udhaifu huo wakitamba peke yao.

Liko pia suala la riziki, na hapa sina jibu la kumridhisha kila mtu. Kundi la TeamTNT lilitengeneza ramani za Evilution, id Software ikazinunua na kuziuza ndani ya Final Doom mwaka 1996. Hao walikuwa wachoraji wa ramani. Mlango kama huo haukuwafungukia watengenezaji wa zana kwa upana ule, na shukrani haiwezi kuitwa mshahara. Basi wewe unayechora kwa zana ya bure, litaje jina la aliyeitengeneza kila unapotoa kazi yako. Ukipata hitilafu, ieleze vizuri. Ukiirekebisha, mrudishie marekebisho hayo. Na kazi yako ikianza kukuingizia fedha, mtumie fundi huyo sehemu yake.