Kiini si Mfumo: Uhakiki wa Istilahi katika Mwongozo wa Linux

Hivi karibuni tuliletewa mwongozo wa Kiswahili unaomfundisha msomaji namna ya kuiwezesha kompyuta mpakato mpya kufanya kazi kwa Linux. Mwandishi wake anastahili pongezi, kwani ameeleza kwa Kiswahili sanifu jambo ambalo wengi huliacha katika Kiingereza. Hata hivyo, istilahi zake zina kasoro mbili ziwezazo kumtia msomaji hasarani.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lieleweke. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991, kwa hakika ni sehemu moja tu: ile isimamayo baina ya programu na mashine, igawayo kumbukumbu na kuviamuru vifaa vyote. Mfumo mzima, kama Debian, hujengwa juu yake. Debian 12 ilitolewa Juni 2023 ikiwa na toleo la 6.1 la sehemu hiyo, lililokamilika Desemba 2022. Lakini kadi ya Wi-Fi iitwayo MediaTek MT7925 ilianza kutambuliwa katika toleo la 6.7, Januari 2024. Basi aliyenunua kompyuta yenye kadi hiyo, akaitia Debian 12 kama ilivyotoka, hapati Wi-Fi mpaka asakinishe toleo jipya zaidi la sehemu hiyo.

Mwandishi ameiita sehemu hiyo "mfumo" katika ukurasa wa kwanza, na "kokwa" katika kurasa zifuatazo. Kutumia majina mawili kwa kitu kimoja ni kosa, na kila jina lina ila yake. "Mfumo" umekwisha kuzoeleka kwa maana ya mfumo mzima wa uendeshaji. Msomaji anayeambiwa "sakinisha mfumo mpya" huenda akaanza upya kabisa na kufuta barua, hesabu na picha zake zote, ilhali alitakiwa kuongeza vifurushi vichache tu, kisha aizime kompyuta na kuiwasha tena. "Kokwa" nalo ni tafsiri ya neno kwa neno. Embe likishaliwa, kokwa hutupwa. Lakini sehemu hii ndiyo isiyoweza kukosekana.

Sisi twapendekeza "kiini". Yai lina kiini, na hoja ina kiini. Kila mzungumzaji hutambua kwamba ni kitu kilicho ndani na chenye kutegemewa. Wako watakaosema kwamba neno hili limekwisha kutumika katika elimu ya viumbe na katika fizikia. Hoja hiyo haitoshi, maana muktadha hutenganisha maana, na hakuna atakayechanganya kiini cha seli na kiini cha Linux.

Kasoro ya pili ni kitenzi "kubadilisha". Kwa kawaida kiini kipya hakikiondoi cha zamani, bali huwekwa kando yake. Kipya kikileta hitilafu, mtumiaji aweza kukichagua cha zamani wakati kompyuta inapowaka. Hiyo ndiyo kinga yake, nayo "kubadilisha" huificha. "Kuongeza kiini kipya" ndiyo kauli iliyo sahihi.

Istilahi nzuri si pambo la lugha. Msomaji aliyepoteza kazi yake kwa sababu ya neno lisilofaa hatalilaumu neno; atakilaumu Kiswahili, na safari nyingine atatafuta mwongozo wa lugha ya kigeni. Twamwomba mwandishi asahihishe maneno hayo, kisha aendelee kuandika.